Mwacheni Mtoto Aangalie Nyuma!

Wadau, leo nina ugomvi na nyie. Sio na serikali (hiyo tutaifikia), sio na trafiki, wala sio na wenye mabasi ambao kila mwaka tunawaandika mpaka wino unakauka. Nina ugomvi na ninyi wenzangu mliomaliza chuo miaka mitano sita iliyopita, mkapata kazi, mkaoa au mkaolewa, mkaagiza ka-IST au ka-Vitz kutoka Japani, mkajaliwa mtoto. Hongereni kwa yote. Ila mtoto huyo mnampakia kwenye gari kama fungu la mchicha. Na wale wachache mlionunua kiti chake, mnakigeuza kiangalie mbele siku ileile mtoto anapopulizia mshumaa wa kwanza wa keki. Mnapiga na picha.

Ninachosema ni hiki, na nakisema mapema ili asiyetaka kusoma yote aondoke nacho: mtoto mdogo akae kwenye kiti kinachoangalia nyuma ya gari, na aendelee kukaa hivyo mpaka kiti chenyewe kishindwe kumbeba kwa uzito au kwa urefu. Sio miezi sita. Sio mwaka mmoja. Miaka miwili, mitatu, na ikiwezekana minne. Najua mmeshaanza kuguna. Guneni.

Kazi yangu mimi ni ripota. Kwenye chumba cha habari kijana mgeni hupewa ajali na mahakama, kwa hiyo ajali nimekutana nazo nyingi kuliko ninavyopenda. Kuna sentensi moja ambayo inarudi kila mara kwenye maelezo ya mashuhuda na ya polisi: "mtoto aliyekuwa amepakatwa na mama yake." Ukiisoma haraka ni sentensi ya upendo. Mama alikuwa amempakata mwanawe, nini kingine unataka? Kisha kamanda anasema chanzo cha ajali ni mwendo kasi, gazeti linachapwa, kesho yake mtu anafungia maandazi. Mwendo kasi ulisababisha magari yagongane, sawa. Lakini kwa nini dereva alitoka na mkono uliovunjika, mama akatoka na majeraha, na mtoto hakutoka? Hilo swali haliulizwi, kwa sababu jibu lake liko kwenye neno lile tamu, kupakata.

Tupige hesabu kidogo, wala hauhitaji kuwa ulisoma PCM. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa. Huo sio mwendo kasi, huo ndio mwendo ambao kibao kinauruhusu mjini. Kwa sekunde moja gari linakata karibu mita 14. Likigonga ukuta, au lori lililoegeshwa bila taa, pua yake inajikunja tuseme nusu mita, basi, limesimama. Kusimama ndani ya nusu mita kutoka mwendo huo maana yake kila kilichomo ndani kinavutwa mbele kwa nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 anakuwa kama kilo 200. Mifuko minne ya saruji. Haya, niambie ni mama gani, au baba gani anayekwenda gym Sinza kila jioni, anayeweza kudaka mifuko minne ya saruji inayomtoka mikononi ghafla, na yeye mwenyewe akiwa anarushwa mbele? Kama hesabu hiyo haikuingii, chukua nyingine: mgongano wa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10, yaani ghorofa ya tatu hivi. Hakuna kati yenu anayeweza kumpakata mtoto akaruka naye kutoka ghorofa ya tatu kwa imani kwamba amemshika vizuri.

Tena kuna wanaojiona wajanja, wanajifunga mkanda mmoja na mtoto. Hapo umemfanya mwanao kuwa godoro. Uzito wako wote unamkandamiza kwenye mkanda. Na wale wanaomsimamisha katikati ya viti viwili vya mbele ili "aone barabara", hao sina hata la kuwaambia. Utawaona mchana kweupe kwenye foleni ya Mwenge, mtoto amesimama kama kondakta, na kwenye kioo cha mbele imebandikwa stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani.

Sasa wenye kiti. Maana najua wengine mmekaa mnatikisa kichwa mkisema mwandishi anawasema wengine, sisi tulinunua kiti tangu kichenpati. Vizuri sana. Swali langu kwenu ni moja tu: kinaangalia wapi?

Ajali zinazoua sana ndani ya magari ni zile za kugongana kwa mbele. Gari linaposimama ghafla, kila kitu ndani yake kinataka kuendelea mbele. Mtoto anayeangalia mbele anazuiwa na mikanda ya mabegani. Kiwiliwili kinabaki, kichwa kinakwenda. Kinachobaki kukivuta kichwa kisiondoke ni shingo peke yake. Wewe na mimi shingo zetu zinaweza kubeba kazi hiyo kwa kiasi fulani. Mtoto hawezi, na sababu utaiona ukimwangalia tu mwanao amelala. Mtoto mchanga kichwa chake ni kama robo ya urefu wa mwili wake wote; kwa mtu mzima ni sehemu moja ya saba au ya nane. Ndani ya shingo yake, pingili ambazo kwako ni mfupa mmoja mgumu, kwake bado ni vipande vilivyounganishwa na gegedu, na vinaendelea kuungana kwa miaka kadhaa. Mifupa na kano za mtoto mchanga zinaweza kuvutika hadi sentimita 5 bila kukatika, lakini mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani yake hauvumilii hata sentimita moja. Yaani mtoto anaweza asiwe na jeraha lolote la kuonekana, hana hata mchubuko, na mshipa ukawa umekatika. Siongezi chumvi hapa. Natamani ningekuwa naongeza.

Mgeuze mtoto huyohuyo aangalie nyuma. Gari likigonga, anazama kwenye mgongo wa kiti chake. Kichwa, shingo na mgongo vinakwenda pamoja na vinapokelewa pamoja, kama yai kwenye trei. Nguvu ni ileile ya mara 20, lakini imetandazwa mgongo mzima badala ya kuning'inizwa kwenye shingo. Hii sio elimu ya siri. Ni kitu ambacho Waswidi wanakijua tangu enzi za babu zetu.

Na hapa niwatambulishe bwana mmoja, Bertil Aldman, daktari wa Uswidi aliyegeukia utafiti wa usalama wa magari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walikuwa wanajiandaa kurusha watu angani kwa vyombo vya Gemini, na wanaanga walikuwa wanalazwa chali kwenye viti vilivyofuata umbo la miili yao, ili msukumo uwapate mgongoni. Aldman akajiuliza, kama mtu mzima aliyefanyiwa mazoezi miaka mingi analindwa kwa kupokea nguvu kwa mgongo, kwa nini mtoto asilindwe hivyohivyo? Mwaka 1964 kiti cha majaribio cha kuangalia nyuma kikawekwa ndani ya Volvo. Mwaka 1972 Volvo wakaanza kuuza kiti cha namna hiyo. Ilikuwa Tanganyika bado ina harufu ya uhuru na Azimio la Arusha halijaandikwa, wenzetu wanajaribu namna ya kumgeuza mtoto garini.

Kilichonivutia zaidi sio kiti, ni tabia yao. Uswidi ushauri ni mtoto aangalie nyuma mpaka angalau miaka minne. Ushauri, sikiliza vizuri. Sheria yao inasema mtoto wa chini ya sentimita 135 lazima awe na kiti au kifaa kinachomfaa, lakini haimtaji trafiki wa kuja kukukamata kwa sababu mwanao wa miaka mitatu anaangalia mbele. Wazazi wanafanya hivyo kwa sababu mama zao walifanya, manesi wa kliniki wanasema hivyo, na duka linauza hivyo. Imekuwa mila. Uswidi leo ni miongoni mwa nchi zenye vifo vichache sana vya watoto ndani ya magari. Wana barabara nzuri, wana ambulensi zinazofika, siwezi kusema ni kiti peke yake. Lakini nasi tulipokuwa marafiki wakubwa wa Uswidi tulichukua vyuo vya maendeleo ya wananchi, na mpaka leo tunapanda mabasi ya Scania kwenda mikoani. Hiki kimoja cha kugeuza kiti kilitushinda nini?

Wamarekani walichelewa. Kwa miaka mingi wazazi kule waliambiwa mwaka mmoja na kilo 9, mgeuze. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto, American Academy of Pediatrics, kikabadilisha: mpaka miaka miwili. Mwaka 2018 wakaondoa hata huo umri, wakasema aendelee kuangalia nyuma kwa muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu. Ulaya nao, kwenye kanuni mpya ya viti iliyoanza mwaka 2013, wakaweka miezi 15 kuwa mwisho wa chini kabisa. Kwa hiyo ile "mwaka mmoja" mnayoing'ang'ania ni ushauri wa zamani ambao wenyewe walioutoa wameshautupa. Sisi tumeuokota kwenye mitumba pamoja na viti vyake.

Niseme na hili, maana nisiposema atatokea mjuaji. Ukitafuta mtandaoni utakutana na maneno kwamba kuangalia nyuma ni salama "mara tano". Yalitoka kwenye utafiti uliochapishwa na jarida la Injury Prevention mwaka 2007. Baadaye ilionekana hesabu zake zilikuwa na kasoro, na mwaka 2018 jarida lenyewe likaufuta. Data zilipopigwa hesabu upya, watoto wanaoangalia nyuma bado walikuwa wameumia kwa kiwango kidogo, lakini watoto walioumia kwa jumla walikuwa wachache mno kiasi cha kutoweza kuthibitisha kwa takwimu. Wapo waliorukia hapo wakasema, unaona, ulikuwa uongo! Hapana. Madaktari walewale wa Marekani waliijua habari hiyo mwaka huohuo wa 2018 na bado wakarefusha muda. Kwa sababu kuna majaribio ya kugongesha magari yenye midoli, kuna uzoefu wa Uswidi wa miaka zaidi ya 50, na kuna shingo ya mtoto ambayo haijabadilika. Mimi ile "mara tano" siitumii na nakuomba na wewe usiitumie. Hoja yetu haihitaji namba ya kuazima.

Sasa tuje kwenye visingizio, na humu ndimo ninamofurahia.

Cha kwanza, mnasema miguu inambana. Mtoto wa miaka miwili akiangalia nyuma miguu yake inagusa mgongo wa siti, inabidi aikunje. Ndugu yangu, wewe ulibebwaje? Si ulifungwa mgongoni kwa mbeleko, miguu imepanuliwa kiunoni kwa bibi kama chura, ukaenda nayo shambani, sokoni na msibani? Nani alilalamika kwamba miguu yako imebana? Watoto hukunja miguu kwa raha zao, waangalie wakiwa wanacheza sakafuni. Na hata tuseme gari limegonga na mguu umeumia. Mguu unafungwa plasta pale MOI, baada ya wiki kadhaa anakimbia. Shingo haina plasta ya namna hiyo.

Cha pili, haoni mbele, ataboreka, atalia. Tena turudi kwenye mbeleko. Huko mgongoni ulikuwa unaona nini zaidi ya mgongo wa mama na vitu vinavyopita pembeni? Ukalala usingizi mtamu kuliko wote utakaoupata maishani. Mtoto anayeangalia nyuma anaona dirisha la pembeni na kioo cha nyuma chote, tena anawaona watu wa gari la nyuma kwenye foleni na kuwapungia. Kulia atalia, hata akiangalia mbele atalia, kwa sababu ni mtoto na kuna foleni. Kilio kinachosikika ni habari njema. Mwenye kutaka kumwona awekeshe kioo kidogo kwenye siti ya nyuma, au mmoja wenu akae naye huko badala ya nyote wawili kukaa mbele kama mabosi.

Cha tatu ni je nikigongwa kwa nyuma? Swali zuri, na nilimuuliza fundi mmoja nikacheka mwenyewe alivyojibu: "Anayekugonga nyuma wote mnakwenda upande mmoja." Ndio hivyo. Kwa kawaida tofauti ya mwendo inakuwa ndogo kuliko ya magari mawili yanayokutana uso kwa uso, na ajali za mbele ni nyingi zaidi na mbaya zaidi. Zipo za nyuma zinazoua, za lori lililokata breki mteremkoni kwa mfano, lakini huwezi kununua mwavuli kwa ajili ya mvua isiyonyesha ukaacha ile inayokunyeshea.

Cha nne, "mbona sisi tulikua bila viti?" Kweli tulikua. Tulipanda nyuma ya pikapu la baba mdogo, tukasimama, tukaimba. Tuliokua ndio tuko hapa tunabishana. Wasiokua hawawezi kuja kubisha.

Cha tano ndicho kinachoniuma, kwa sababu kinasemwa na watu ninaowaheshimu: Mungu ndiye mlinzi. Naamini. Sasa mbona madirishani umeweka nondo? Mbona juu ya ukuta umechomeka chupa, na getini kuna mlinzi mwenye rungu unayemlipa kila mwezi? Televisheni umeiwekea nondo, mtoto umemwachia Mungu peke yake.

Halafu kuna bei. Hapa nashusha sauti, kwa sababu ni hoja ya kweli. Kiti kizuri kinachoangalia nyuma mpaka miaka minne sio bei rahisi, na Kariakoo hukikuti kila duka. Lakini nazungumza na mtu aliyebadilisha rimu za gari, akaweka redio yenye skrini, akapaka tinti. Na harusini kwenu kamati ilikusanya mamilioni ya kulisha watu ambao nusu yao hamjaonana tena. Kamati kama hiyo ikikaa tena mtoto akizaliwa, ikachangisha elfu ishirini ishirini, kiti kinapatikana na soda juu. Badala yake mtoto anapata mabeseni sita na mashuka yenye picha za dubu.

Kuna aliyeniambia, wewe unaongea mambo ya Masaki, Watanzania wengi wanapanda daladala na bodaboda. Ni kweli, na mimi mwenyewe nipo daladalani siku nyingi kuliko nilipo kwenye gari. Kwenye daladala kiti hiki hakifungiki, kwenye bodaboda ndio kabisa. Mama anakaa nyuma ya dereva, mtoto katikati kama nyama ya sambusa, na hakuna makala itakayolitatua hilo wiki hii. Lakini tangu lini kushindwa kumlinda mtoto wa jirani ikawa sababu ya kutomlinda wako wakati uwezo unao? Mwenye gari mwenye mkanda mwenye mshahara hana pa kujifichia nyuma ya abiria wa bodaboda.

Na kuna kitu cha kuchekesha kuhusu magari yetu haya. Japani iliweka sheria mwaka 2000 kwamba mtoto wa chini ya miaka sita lazima awe kwenye kiti chake. Yaani hiyo IST yako, kule ilikotoka, kama mwenyewe wa kwanza alikuwa na mtoto basi ilitembea na kiti. Tumenunua gari, tumelipa ushuru, kiti tumekiacha bandarini Yokohama. Pitisha mkono katikati ya mgongo wa siti ya nyuma na sehemu ya kukalia. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni utagusa vyuma viwili vidogo vilivyojificha. Hivyo vinaitwa ISOFIX, ni vya kunasia kiti cha mtoto. Mwenzangu mmoja kazini amekuwa na gari lake miaka mitatu, alidhani ni kasoro ya kiwandani.

Sasa kwa aliyekubali, mambo machache na nitayapitisha haraka, isipokuwa hili la kwanza ambalo naomba usome mara mbili. Kiti kinachoangalia nyuma KISIWEKWE kamwe siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi, ule unaofumuka kutoka kwenye dashibodi. Mfuko ule unafumuka kwa kasi ya kutisha na unapiga mgongo wa kiti, pale penye kichwa cha mtoto. Umeshaua watoto kwenye ajali ndogo tu ambazo mtu mzima angeshuka akaanza kugombana na aliyemgonga. Waswidi huwaweka watoto mbele, ndiyo, lakini mfuko wa hewa wa upande huo ukiwa umezimwa kabisa. Kama hujui kama gari lako limezimwa, basi halijazimwa. Siti ya nyuma.

Mengine ni ya kusoma stika ya pembeni ya kiti. Vile vyenye mpini wa kubebea, vingi vinaishia kilo 13. Vile vikubwa vya kugeuzwa pande zote mbili, vingi vinaruhusu kuangalia nyuma mpaka kilo 18, na vya Kiswidi vipo vinavyofika 25. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani mtoto wa kati wa mwaka mmoja ana kilo 9 hivi, wa miaka miwili 12, wa miaka minne 16. Piga hesabu mwenyewe: kiti cha kilo 18 kinamfikisha wengi miaka minne bila kugeuzwa, ilimradi kichwa hakijafika ukingo wa juu. Mikanda ikaze, usiweze kuifinya ikafanya mkunjo kwenye bega. Kiti chenyewe kisicheze ukikitikisa pale mkanda unapopita. Cha mtumba kinunue kwa mtu unayemfahamu tu, kwa sababu kiti kilichowahi kupata ajali hakionyeshi, na plastiki nayo inazeeka. Na ukiegesha juani tandika khanga juu yake. Jua la Dar linachemsha ile chuma ya mkanda mpaka inaunguza paja la mtoto.

Serikali nilisema tutaifikia. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 iliiweka Tanzania kwenye kundi la nchi zisizo na sheria ya viti vya watoto. Mashirika ya kiraia, TAWLA wakiwemo, wamekuwa wakipiga kelele sheria hiyo irekebishwe, na kiti cha mtoto kimo kwenye madai yao. Shirika hilohilo la Afya linasema kiti cha mtoto kikitumika vizuri kinaweza kupunguza vifo kwa angalau asilimia 60. Chanjo yenye uwezo wa namna hiyo tungeipangia foleni tangu alfajiri. Ukisimamishwa barabarani leo utaulizwa leseni, utaulizwa mtungi wa kuzimia moto, utaulizwa pembetatu ya kuonya wenzako. Mtungi uko salama kabisa, umefungwa na mkanda wake kwenye buti. Mtoto yuko mapajani anakula biskuti.

Lakini nimeshawaambia, Waswidi hawakusubiri trafiki, na ninyi mna digrii.

Desemba haiko mbali. Wenzetu wa Moshi wameshaanza kuhesabu siku, na Noah zitajazwa mpaka milango ifungwe kwa goti, safari ya zaidi ya kilomita 500, Chalinze, Segera, Korogwe, Same, magari yanapishana uso kwa uso usiku kucha. Na najua kitakachotokea, kwa sababu hutokea kila nyumba: watu ni wengi, nafasi ni ndogo, na kitu cha kwanza kutolewa kwenye gari ni kiti cha mtoto, eti kinachukua nafasi ya mtu mzima. Ni kweli kinachukua nafasi ya mtu mzima. Huyo mtu mzima apande basi. Mwaka juzi mtu mzima huyo nilikuwa mimi. Dada yangu alikataa katakata kung'oa kiti, akanipa nauli na maji ya kunywa, akaniambia tutaonana nyumbani. Nilinuna hadi Korogwe, nikanunua machungwa, nikalala.